Ousmane Sembène: Kuli aliyetengeneza filamu kwa mkokoteni mmoja

KILA msimu wa mashindano ya filamu unapowadia, si ajabu kuwasikia vijana wakilalamika kuwa hadithi wanazo ila fedha hawana. Malalamiko hayo yana msingi, kwa maana kamera, taa na vinasa-sauti si vitu vya bei rahisi. Hata hivyo, yeyote anayekata tamaa kwa sababu hiyo afaa kuyatazama maisha ya marehemu Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye wengi humwita baba wa sinema ya Afrika.

Sembène alizaliwa mwaka wa 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegal, nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa Ufaransa. Babake alikuwa mvuvi. Masomo yake yalikatika mapema, alipofukuzwa shule kwa kugombana na mwalimu mkuu aliyekuwa Mfaransa. Alihamia Dakar, akafanya kazi za mkono zikiwemo uashi na umakanika. Jioni, alipopata senti za kiingilio, alikuwa mteja wa majumba ya sinema.

Mnamo 1944 aliingizwa katika jeshi la Ufaransa, kama walivyoingizwa maelfu ya Waafrika wenzake. Vita vilipomalizika alirudi nyumbani na kukuta hali ni ile ile. Baadaye alivuka bahari hadi Ufaransa, na huko Marseille akawa kuli bandarini, akipakia na kupakua shehena za meli. Alijiunga na chama cha wafanyakazi. Siku moja aliumia vibaya mgongo kazini, na muda wa kuuguza jeraha hilo akautumia kusoma vitabu.

Kutokana na kusoma kukazuka kuandika. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, inayohusu kuli mweusi, ilitoka mwaka wa 1956. Mwaka wa 1960 ilifuata riwaya iliyompa jina zaidi, Les Bouts de bois de Dieu, kuhusu mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wa 1947 na 1948.

Lakini sifa hizo hazikumtosheleza. Aliporejea Afrika baada ya nchi nyingi kupata uhuru, alitambua jambo lililomkera: watu aliowaandika, yaani wafanyakazi wa reli, wachuuzi na akina mama wa mitaani, wengi wao hawakuweza kukisoma kitabu chochote, sembuse cha Kifaransa. Aliamua kutafuta chombo ambacho asiyejua kusoma angekielewa. Chombo hicho kilikuwa filamu.

Ndipo mwaka wa 1962, akikaribia umri wa miaka 40, mwandishi huyu mashuhuri alikubali kuwa mwanafunzi tena. Alikwenda Moscow kusomea utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorki, chini ya mwelekezi Mark Donskoy. Aliporudi Dakar alikuwa na ujuzi, kamera kuukuu na fedha kidogo mno.

Kwa vifaa hivyo alitengeneza Borom Sarret mwaka wa 1963. Jina hilo la Kiwolofu lina maana ya mwenye mkokoteni. Filamu yenyewe ni ya takriban dakika 20, na haina rangi. Inasimulia siku moja ya mtu anayebeba abiria na mizigo kwa mkokoteni wa farasi. Wengine hawamlipi. Msifu mmoja anawasifu mababu zake kwa ufundi hata maskini huyo anampa pesa alizochuma. Mwanamume mwingine anampakia maiti ya mtoto mchanga, kisha anazuiwa langoni mwa makaburi kwa kuwa stakabadhi zake si sawa.

Mwishowe, bwana aliyevaa nadhifu anamshawishi aingie mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamkamata. Nishani yake ya vita inaanguka chini na askari anaikanyaga. Mkokoteni unatwaliwa, naye abiria anatoweka bila kulipa. Mwenye mkokoteni anarudi nyumbani mikono mitupu akiwa na farasi wake tu. Mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka nje, akiahidi kuwa usiku huo watakula.

Anayeitazama kwa makini huona namna uchache wa mali ulivyogeuzwa kuwa mbinu. Hadithi ni ya siku moja, hivyo haikuhitaji mavazi mengi wala majumba ya kukodi. Mitaa ya Dakar ndiyo iliyokuwa jukwaa na jua ndilo lililokuwa taa. Waigizaji hawakuwa wa kulipwa mamilioni, bali watu wa kawaida. Sauti haikunaswa wakati wa kupiga picha. Ilitiwa baadaye, na mengi tunayoyasikia ni mawazo ya mwenye mkokoteni akijisemea moyoni. Kilichokuwa upungufu kikatufikisha ndani ya nafsi ya mtu ambaye mjini hakuna aliyemsikiliza.

Tukumbuke pia kuwa tangu 1934 serikali ya Ufaransa ilikuwa na sheria iliyodhibiti upigaji filamu katika makoloni yake ya Afrika. Kwa hiyo Mwafrika kuipiga picha Dakar kwa macho yake mwenyewe halikuwa jambo dogo.

Mwaka huo huo Borom Sarret ilipelekwa katika tamasha la kimataifa la filamu fupi mjini Tours, Ufaransa, ikatuzwa kama filamu ya kwanza ya mtengenezaji wake. Tuzo hiyo ilifungua milango. Mwaka wa 1966 alitoa La Noire de..., iliyoshinda tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia.

Je, safari ilikuwa imefika? Kwa Sembène, la. Filamu hizo za mwanzo zilizungumza Kifaransa. Waliozishangilia Tours waliyaelewa maneno yote, ilhali mwendesha mkokoteni wa kweli huko Dakar huenda angeambulia picha tu. Mtu aliyeacha vitabu ili awafikie wasiosoma alikuwa amegonga ukuta ule ule kwa njia nyingine. Mnamo 1968 aliuvunja kwa filamu ya Mandabi, iliyozungumza Kiwolofu. Hiyo nayo ilituzwa, safari hii mjini Venice, Italia.

Tangu hapo alizoea kuzipeleka filamu zake vijijini na kujadiliana na watazamaji. Mwaka wa 1969 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la filamu la Ouagadougou, maarufu kama FESPACO, ili filamu za Afrika zipate uwanja wa kushindania nyumbani. Hata baada ya kupata jina hakuidharau filamu fupi. Mwaka wa 1970 alitoa Tauw, ya dakika 24, kuhusu kijana wa Dakar anayetafuta kazi.

Aliaga dunia Dakar mnamo Juni 9, 2007, akiwa na umri wa miaka 84. Filamu yake ya mwisho, Moolaadé ya 2004, inayopinga ukeketaji wa wasichana, ilikuwa imetuzwa Cannes.

Tuzo zilimsaidia Sembène, lakini hazikuwa kipimo chake. Alipima kazi yake kwa kuuliza kama mtu aliyemo ndani yake angeweza kuitazama na kuielewa. Kijana anayejiandaa kwa mashindano, kabla ya kuuliza kamera itatoka wapi, heri ajiulize ni nani mtaani kwao ambaye siku yake moja haijapata kusimuliwa.