Rachel Carson: Mwanamke aliyehoji sumu za mashambani

Msimu wa vitunguu saumu hapa Mbulu, pampu ya mgongoni ni kitu cha kawaida shambani. Je, dawa tunazopulizia zinaweza kudhuru uzazi wetu? Swali la namna hii liliulizwa zaidi ya miaka 60 iliyopita na Rachel Carson.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, Pennsylvania, nchini Marekani. Alisomea viumbe hai, akapata shahada ya pili mwaka 1932. Baba yake alipofariki mwaka 1935, mzigo wa familia ulimwangukia yeye. Idara ya uvuvi ya serikali ikampa kazi ya kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa majini. Baadaye vitabu vyake kuhusu bahari vilimpa umaarufu.

Mwaka 1958 rafiki yake alimwandikia kwamba ndege wa nyumbani kwake walikufa baada ya eropleni kunyunyiza DDT kuua mbu. Carson akaanza kukusanya ushahidi. Huko Michigan miti ilipuliziwa DDT, nyungunyungu wakala majani yaliyoanguka, ndege wakala nyungunyungu. Ndege wengi walikufa, na waliosalia walishindwa kuangua vifaranga. Sumu ya mdudu ilikuwa imefika kwenye kizazi cha ndege.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka mwaka 1962. Watengenezaji wa kemikali walimshambulia vikali, ingawa hakutaka dawa zote zipigwe marufuku. Alipinga matumizi ya kiholela. Wakati huo alikuwa akiugua saratani ya matiti, akaificha. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais John Kennedy iliunga mkono onyo lake. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilizuia DDT mashambani mwaka 1972.

Kwa binadamu, ushahidi mzito ulikuja mwaka 1977. Wanaume waliofanya kazi katika kiwanda kimoja California, wakitengeneza dawa ya minyoo ya udongoni iitwayo DBCP, walikutwa na mbegu chache mno, wengine hawana kabisa.

Inakuwaje? Baadhi ya sumu huvuruga homoni. Nyingine huzalisha mwilini chembe kali zinazoshambulia seli, kama kutu inavyokula jembe. Mwili una kinga yake, lakini sumu ikizidi, mbegu za kiume, mayai ya mwanamke na hata mimba changa vinaweza kudhurika.

Mimba isipopatikana, mara nyingi lawama humwangukia mwanamke. Kisa cha California kinatukumbusha kwamba tatizo linaweza kuwa kwa mwanamume. Sababu ni nyingi, si dawa za shamba peke yake, kwa hiyo mke na mume waende hospitali pamoja.

Msikilizaji, soma lebo na ufuate kipimo. Vaa glavu, buti, barakoa na nguo ndefu. Mjamzito asipulizie wala asifue nguo za kupulizia. Kopo la dawa lisigeuzwe chombo cha maji. Kabla ya kununua, muulize afisa ugani kama dawa hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.