John Clare: Malenga wa Jembe na Lahaja

Katika historia ya ushairi wa Uingereza ni wachache waliotoka shambani na kuingia katika fasihi bila ya kupitia mikononi mwa walimu mashuhuri. John Clare ni mmoja wao. Alizaliwa tarehe 13 Julai 1793 katika kijiji cha Helpston, jimboni Northamptonshire. Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, ila kichwani alihifadhi nyimbo za jadi zaidi ya mia moja. Mama yake hakujua hata herufi moja.

Clare alisoma miezi michache tu kila mwaka, na alipofikia umri wa miaka 12 hivi masomo yalikoma. Alilima, akachunga mifugo, akafanya kazi ya bustani na ya kuchoma chokaa. Alitunga huku akifanya kazi, akaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvificha katika nyufa za ukuta. Mama yake alivitumia kuwashia moto, kwa kudhani ni mazoezi ya mwandiko. Alipotaka kupima ubora wa tungo zake, aliwasomea wazazi wake akijifanya kwamba ni za watu wengine, kisha akasikiliza wanasemaje.

Mnamo 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kugawa na kuzungushia nyua ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Malisho ya pamoja yakawa milki ya watu binafsi, miti ikakatwa, njia zikafungwa. Kwa maskini, kwenda kuokota kuni kukawa ni kuingia mali ya mtu. Clare mwenyewe, kwa kukosa riziki, alipata kibarua cha kujenga nyua zizo hizo. Uchungu huo haukumtoka tena katika ushairi wake.

Diwani yake ya kwanza ilitolewa London mwaka 1820 na John Taylor, mchapishaji wa John Keats. Iliuzwa upesi, ikachapishwa mara nne katika muda wa mwaka mmoja hivi. Hata hivyo, umaarufu huo ulikuwa na masharti. Mfadhili mmoja wa tabaka la juu alidai beti zilizowalaumu matajiri ziondolewe, nazo zikaondolewa. Taylor naye alitia alama za uakifishi, akapunguza maneno ya lahaja na kurekebisha sarufi. Diwani ya 1827, iliyohusu miezi ya mwaka kijijini, aliikata mno. Clare aliona sarufi hiyo kuwa udhalimu. Majina ya ndege, magugu na zana aliyoyatumia ndiyo yaliyotumiwa na watu wake, na aghalabu lugha rasmi haikuwa na mbadala wake.

Wasomaji wa mjini walimchoka upesi, na diwani zilizofuata hazikuuzwa vizuri. Ufukara, familia kubwa na kuhama kijiji chake mwaka 1832 vilimlemea. Mwaka 1837 alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Epping. Julai 1841 alitoroka, akatembea kwa siku nne, umbali wa maili 80 hivi, akila majani njiani, akimtafuta Mary Joyce, kipenzi cha ujana wake, aliyefariki mwaka 1838. Desemba mwaka huo alitiwa katika hospitali ya Northampton, akaishi humo hadi alipofariki tarehe 20 Mei 1864. Humo pia hakuacha kutunga. Msimamizi mmoja alimnakilia mamia ya mashairi.

Ilichukua karne moja kabla ya diwani ile ya miezi kuchapishwa, mwaka 1964, kutokana na miswada ya mkono wake. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mengi yaliyosahihishwa hayakuwa makosa. Ardhi ya Helpston ilizungushiwa ua, na lugha ya malenga wake vilevile. Basi sisi tunaokusanya na kuhariri tungo za malenga wasio na shahada, kabla ya kushika kalamu ya kusahihisha, yatupasa kujiuliza: lililo mbele yetu ni kosa, au ni lugha tusiyoijua?