Carl Georg Schillings: Mtu wa Bunduki na Kamera

Kila aliyepata kusimama ukingoni mwa Mtae anaijua nyika inayotandaa chini, kutoka Mkomazi hadi milima ya Upare. Lakini ni wachache kati yetu wanaofahamu kwamba nyika za nchi yetu ndizo zilizoipatia dunia baadhi ya picha za mwanzo kabisa za wanyama wa porini waliopigwa picha usiku wakiwa huru. Aliyezipiga ni Mjerumani, Carl Georg Schillings, na maisha yake yanafaa kujulikana kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa.

Schillings alizaliwa Düren, Ujerumani, mwaka 1865. Alifika Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1896 katika msafara wa Max Schoeller. Wakati huo alikuwa mwindaji, na ngozi na mafuvu aliyoyakusanya yalipelekwa katika majumba ya makumbusho ya kwao. Aina moja ya fisi wenye milia hata ilipewa jina lake na wataalamu. Alirudi tena mara kadhaa, na kadiri alivyozidi kuzoea nyika ndivyo alivyozidi kuona kwamba wanyama wanapungua. Hapo ndipo alipoanza kuhangaika na kamera.

Vijana wa leo hawana budi kuelewa jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Kamera zilikuwa masanduku makubwa. Picha moja ilihitaji bamba moja la kioo, kubwa kuliko kiganja cha mtu, lililopakwa dawa inayodhurika kwa mwanga. Bamba likipasuka njiani, au likiona jua kabla ya wakati wake, picha imepotea. Dawa hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga, kwa hiyo usiku ilibidi kuwasha unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mmweko mkali. Schillings alitega kamera penye maji, au karibu na punda au ng'ombe aliyefungwa kuwa chambo. Mnyama alipogusa uzi, unga uliwaka na kamera ikafunguka papo hapo. Mara nyingi mtego ulifyatuka bure.

Jitihada za awali zilimpa matokeo haba na homa ikamrudisha kwao. Hata hivyo hakukata tamaa. Katika msafara wa 1903 na 1904, akizunguka nyika ya Wamasai, kando ya mto Pangani na chini ya Kilimanjaro, alifanikiwa kupata picha za simba, fisi, punda milia na wengine. Mwaka 1905 alitoa kitabu kiitwacho Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mmweko na bunduki, kikampatia sifa kubwa Ulaya na Marekani. Baadaye alitumia sifa hiyo kutetea hifadhi ya wanyama na kupinga biashara ya manyoya ya ndege kwa mapambo. Alifariki Berlin mwaka 1921.

Tukimpima kwa haki, yatupasa kusema mambo mawili. Kwanza, jina la kitabu chake linasema kweli: bunduki haikuwekwa chini. Mtu aliyelilia kupotea kwa wanyama aliwaua wengi kwa mkono wake, wakiwemo faru. Pili, mabamba yale hayakutembea yenyewe. Yalibebwa vichwani na wapagazi Waafrika, pamoja na mahema, chakula na maji, chini ya utawala wa kikoloni. Watu wanaposifu picha zile humtaja mwenye kamera, nao wabebaji husahauliwa.

Hata hivyo picha zina faida yake. Faru weusi walitoweka kabisa Mkomazi kwa ajili ya ujangili, na ilibidi wengine waletwe kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997. Mnyama aliyepigwa risasi mwaka 1903 alikwisha siku ile ile. Aliyepigwa picha bado anatufundisha jinsi nyika ilivyokuwa.

Vijana mlioko madarasani, ninyi mna vyombo vyepesi kuliko vile vya Schillings. Igeni subira yake, acheni bunduki yake. Nanyi mkiandika habari za kazi yoyote, andikeni pia majina ya waliobeba mzigo.