Maisha ya Mwalimu Jack Collins, Aliyefundisha Watoto Sataranji Sebuleni Kwake

Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla hatujafika kwenye fomu ya ahadi tunasimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, ili tupate somo kutoka kwake. Safari hii mtu mwenyewe si wa mwambao wa Tanganyika, wala kwao si karibu na kwetu. Tumemchagua kwa sababu kazi aliyoifanya ndiyo hiyo hiyo tunayotaka kuifanya kwa watoto wetu, na alikuwa na sababu nyingi kuliko sisi za kusema kwamba hawezi.

Jina lake ni John William Collins. Waliomzoea walimwita Jack. Alikuwa mwalimu wa sataranji, mchezo ambao vijana wetu siku hizi wanauita chesi. Kwa asiyeujua, huchezwa juu ya ubao wa miraba 64 unaofanana na ule wa drafti. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Anayeshinda ni yule anayembana mfalme wa mwenzake mpaka akose pa kukimbilia. Mzee wa Ujiji anayekaa chini ya mwembe akipiga hesabu ya bao kabla hajanyanyua kete, au kijana wa Mwanga anayecheza drafti kwa vizibo vya soda, hana haja ya kuelezwa zaidi. Ni akili ile ile, mchezo tu ndio tofauti.

Collins alizaliwa tarehe 23 Septemba 1912 katika mji wa Newburgh, jimbo la New York, Marekani. Mwaka huo reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado haijafika Kigoma. Alizaliwa na ulemavu wa mwili, na kiti cha magurudumu ndicho kilichokuwa miguu yake. Mtu wa hali hiyo, zama hizo na hata leo, watu wa kwanza kumkatia tamaa huwa ni jamaa zake mwenyewe. Wanamhurumia, wanamlisha, kisha wanamfungia ndani. Kwa Collins haikuwa hivyo. Alikuwa na dada yake, Ethel, aliyekuwa muuguzi. Waliishi pamoja, na Ethel alimtunza kwa miaka mingi. Habari ya Collins haisimuliki bila ya Ethel, na tunaomba msomaji amkumbuke mpaka mwisho.

Ndugu hao wawili waliishi Brooklyn, sehemu ya jiji la New York yenye watu wengi wa kipato cha kawaida. Kwa kuwa Collins hakuweza kutembea kwenda kwa watu, aliwafanya watu waje kwake. Walipokuwa wakikaa mtaa wa Hawthorne alianzisha klabu ya sataranji humo humo nyumbani, akaiita kwa jina la mtaa. Hata walipohama, klabu ilihama nao na jina likabaki lile lile. Haikuwa na jengo lake. Ilikuwa sebule, meza, mbao za kuchezea na rafu zilizojaa vitabu. Watu wazima walikuja, na watoto wakakaribishwa kama wao.

Mwenyewe hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Mwaka 1952 alikuwa bingwa wa jimbo la New York. Alicheza pia kwa njia ya barua, kila mmoja akimwandikia mwenzake hatua moja na kusubiri jibu kwa posta, na huko nako alikuwa miongoni mwa walio bora Marekani. Mwaka 1957 kilitoka kitabu kikubwa kuhusu namna za kuanza mchezo, alichokiandaa pamoja na Walter Korn, na wachezaji wengi wa lugha ya Kiingereza walikitegemea. Lakini vikombe sivyo vinavyofanya jina lake litajwe mpaka leo. Anatajwa kwa sababu ya watoto waliopita mlangoni mwake.

Wa mwanzo mwanzo walikuwa ndugu wawili, Robert na Donald Byrne, vijana wa Brooklyn. Donald alikuja kushinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1953, na Robert akawa bingwa wa taifa mwaka 1972. Kisha akaja William Lombardy kutoka Bronx, upande mwingine wa jiji. Mwaka 1957 Lombardy alishinda ubingwa wa dunia wa vijana mjini Toronto. Alicheza michezo 11 na kuishinda yote 11. Baadaye akawa padri wa Kanisa Katoliki.

Anayejulikana kuliko wote ni Robert Fischer, aliyeitwa Bobby. Alikuwa mtoto aliyelelewa na mama peke yake, Regina, mwanamke aliyehangaika kutafuta riziki. Mwaka 1949, Bobby akiwa na miaka sita, dada yake Joan alinunua sataranji dukani, wakajifunza kwa kusoma maelezo. Tangu hapo mtoto hakutaka kitu kingine. Mama alihangaika kumtafutia wenzake wa kucheza nao, hata akaandikia gazeti. Mwalimu wa kwanza kumpokea alikuwa Carmine Nigro wa Klabu ya Sataranji ya Brooklyn, mwaka 1951. Nigro alipohama jiji, mtoto alihitaji pengine pa kwenda. Mwaka 1956, akiwa na miaka 13, alibisha hodi kwa Collins.

Hodi hiyo haikuwa ya siku moja. Bobby alirudi kesho yake, na keshokutwa, na mwaka uliofuata. Shule ya sekondari aliyokuja kusoma, Erasmus Hall, ilikuwa jirani, kwa hiyo alipita hata saa ya chakula cha mchana. Jioni alirudi tena. Alicheza na Collins michezo ya haraka haraka, mmoja baada ya mwingine. Waliupitia mchezo uliokwisha hatua kwa hatua kuona kosa liko wapi. Akasoma vitabu kwenye zile rafu, kimoja baada ya kingine. Usiku ulipoingia alikula chakula cha nyumba hiyo. Mtoto asiye na baba nyumbani alikuwa amepata pa kukaa, na mtu mzima wa kukaa naye.

Ufundishaji wa Collins haukuwa wa kusimama mbele na kuhubiri. Alicheza na mtoto, akamwacha akosee, kisha wakaangalia kosa pamoja. Wala hakujipa sifa zisizo zake. Alipozungumzia kipaji cha Fischer alikiona kuwa ni majaliwa ya Mungu, na kazi yake yeye ilikuwa kukipa nafasi.

Matunda hayakuchelewa. Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1956 Fischer alishinda ubingwa wa vijana wa Marekani. Tarehe 17 Oktoba alikutana na Donald Byrne katika Klabu ya Marshall, New York. Yule mtoto wa miaka 13 alimtoa malkia wake aliwe, na watu wakadhani amekosea. Hatua chache baadaye Byrne alikuwa amezingirwa. Mchezo huo hadi leo husomwa na wanafunzi wa sataranji duniani kote, na wachezaji wote wawili walikuwa wamepita sebule ile ile. Fischer alitwaa ubingwa wa Marekani msimu wa mwaka 1957 kuingia 1958, akiwa na miaka 14. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Iceland, alimshinda Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti na kuwa bingwa wa dunia. Msaidizi aliyekaa naye kupitia michezo alikuwa Padri Lombardy, mtoto mwingine wa sebule ile.

Tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu. Fischer hakuutetea ubingwa wake, akanyang'anywa mwaka 1975. Alijitenga na watu kwa miaka mingi, akatamka maneno ya chuki yaliyowaumiza wengi, akafariki ugenini, Reykjavik, mwaka 2008. Mwalimu hawezi kumwandikia mwanafunzi mwisho wake. Tunalisema hili kwa makusudi, maana kila mwaka tunapoomba mchango kuna ndugu anayeuliza: tukitoa, tutapata nyota gani? Jibu la kweli ni kwamba hatujui. Anayemsaidia mtoto kwa kutegemea nyota atakata tamaa mapema, na mtoto asiye nyota atalijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Collins hakukata tamaa. Mwaka 1974 alitoa kitabu juu ya wanafunzi wake saba waliokuwa hodari kupita kawaida, na angeweza kupumzika na jina lake. Badala yake aliendelea na wadogo. Miaka hiyo ya 1970 yeye na wenzake walianzisha timu ya watoto iliyoitwa kwa jina lake, wakawa wanawapeleka kucheza na watoto wenzao nje ya nchi, Iceland ikiwa mojawapo. Wengi wa watoto hao hawakuwa mabingwa wa chochote. Walikua wakawa watu wazima wenye kazi zao. Lakini waliwahi kupanda ndege, wakakaa mezani na mtoto wa lugha nyingine, wakajua kwamba dunia ni pana kuliko mtaa wao. Hayo nayo ni mavuno, hata kama hayaandikwi magazetini.

Jack Collins alifariki tarehe 2 Desemba 2001, akiwa na miaka 89. Kwa zaidi ya nusu karne watoto walikuwa wameingia na kutoka kwake.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu msomaji, pita Kibirizi, Gungu au Katonga saa kumi jioni, utawaona watoto waliotoka shule wasio na pa kwenda. Tusiseme sataranji ni ya Wazungu. Jirani zetu wa Uganda wameshajibu. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto wa maisha magumu mchezo huu, na wakati mwingine kilichowaleta kwanza kilikuwa kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010.

Tunachokiomba mwaka huu si kikubwa kuliko alichokuwa nacho Collins. Ni chumba kimoja chenye taa, meza, rafu ya vitabu, mbao za sataranji, drafti na bao. Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Bujumbura na ng'ambo, toeni fedha. Ubao mmoja hutumiwa na watoto wawili kwa wakati mmoja na unadumu miaka. Fedha ya mtu mmoja itaonekana kwa macho.

Pili, mlioko nyumbani, toeni muda. Jioni mbili kwa wiki za mtu mzima mwenye subira zina thamani kuliko meza kumi zisizo na mtu. Mwalimu mstaafu, fundi wa bao, kijana aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri majibu: ninyi ndio tunaowatafuta. Na atakayejitolea kupika uji ajue kwamba amesimama alipokuwa Ethel. Bila yeye kazi haiendi.

Tatu, tuwatoe ndani watoto wenye ulemavu. Wako kwenye nyumba zetu, tunawajua kwa majina. Mchezo huu hauombi miguu wala mbio. Tunataka mlango wa chumba chetu uwe na njia ya kiti cha magurudumu tangu siku ya kwanza. Itakuwa aibu kusimulia maisha ya Collins halafu tujenge chumba ambacho yeye mwenyewe asingeweza kuingia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Andika kiasi unachoweza, au andika siku unazoweza kuja. Wazee wetu walishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.