Molière, Mcheshi Aliyezikwa Usiku

Jina lake hasa lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin. Alibatizwa mjini Paris tarehe 15 Januari, 1622. Babake alikuwa fundi wa mapambo na samani za mfalme, kazi ambayo mwana angeirithi. Kijana hakuitaka. Mwaka wa 1643 yeye na Madeleine Béjart pamoja na wenzao waliunda kundi la michezo ya kuigiza, naye akajiita Molière. Biashara ilidoda, na mwaka wa 1645 akatiwa jela kwa sababu ya madeni.

Kundi likahama Paris, likazunguka mikoani kwa miaka kumi na mitatu hivi. Waliporejea mwaka wa 1658 walicheza mbele ya Mfalme Louis wa 14, naye akapendezwa nao. Tangu hapo matabibu, mabahili na mabibi wenye kujidai hawakusalimika na kejeli za Molière.

Balaa lilianza mwaka wa 1664 kwa mchezo wa Tartuffe. Huyu ni mtu anayejionyesha mcha Mungu, kumbe anamnyemelea mke wa mwenyeji wake, na mali yake pia. (Watu wa aina hiyo hata sisi tunawajua.) Wakubwa wa kanisa walidai kwamba ni dini inayochekwa. Molière alishikilia kwamba anayechekwa ni mnafiki. Mchezo ulipigwa marufuku, ukaja kuruhusiwa mwaka wa 1669.

Lakini si kila kejeli yake itampendeza msomaji wa pwani. Katika mchezo wa 1670, uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, aliwafanyia stihizai Waturuki na ibada yao, mwaka mmoja tu baada ya mjumbe wa Sultani kufika Ufaransa. Kumcheka mgeni aliye mbali hakukuhitaji ushujaa kama ule wa Tartuffe.

Tarehe 17 Februari, 1673, alikuwa jukwaani akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, ilhali mwenyewe kifua kilikuwa kikimuua kweli. Alishikwa na kikohozi, akajikaza hadi mwisho. Usiku ule ule akafa nyumbani kwake.

Kanisa lilikataa kumzika, maana alikufa kabla ya kuikana kazi yake mbele ya padri. Mkewe, Armande, akaenda kumlilia mfalme. Ruhusa ikatoka: azikwe usiku, bila ya shamrashamra. Akazikwa tarehe 21. Tarehe 3 Machi kundi likaucheza tena mchezo ule ule, na mtu mwingine akakikalia kiti cha mgonjwa.