Henry Wellcome: Muuza dawa ambaye wosia wake uligeuka hazina ya utafiti

UGONJWA wa kala-azar ulipolipuka Kitui mnamo 1952, Sir Henry Wellcome alikuwa amefariki miaka 16 iliyotangulia. Ni wachache mno Ukambani waliolijua jina lake. Hata hivyo, Pentostam, dawa iliyotegemewa kwa miongo kadhaa kuwatibu wagonjwa wa maradhi hayo Afrika Mashariki kwa sindano za kila siku, ilitoka katika kampuni aliyoiasisi.

Wellcome alizaliwa Agosti 21, 1853 katika kibanda cha magogo huko Wisconsin, Marekani. Akiwa na umri wa miaka 16 alikuwa tayari akiuza wino usioonekana, ambao haukuwa chochote ila maji ya ndimu. Mnamo 1880 yeye na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs, walifungua kampuni ya dawa jijini London. Burroughs alifariki 1895 na biashara yote ikabaki mikononi mwa Wellcome.

Alijua kutangaza bidhaa, na masanduku yake ya dawa yalibebwa na wavumbuzi waliopenya Afrika. Lakini pia alianzisha maabara, ikiwemo ya maradhi ya nchi za joto mjini Khartoum mwanzoni mwa karne ya 20. Fedha nyingine alizimwaga katika kukusanya vitu vya kale, zaidi ya milioni moja, vingi vikitoka kwa jamii zilizokuwa chini ya wakoloni ambazo hazikuwa na nguvu ya kukataa.

Alifariki Julai 25, 1936. Wosia wake uliwakabidhi wadhamini hisa zote za kampuni, faida itumike kwa utafiti wa tiba na historia yake. Hapo palikuwa na fundo: shirika la hisani lilimiliki kampuni ya kuuza dawa, ilhali kala-azar ni ugonjwa wa maskini wasio na cha kumfaidi muuzaji. Wadhamini walianza kuuza hisa kwa umma mnamo 1986, na 1995 kampuni ikanunuliwa na Glaxo.

Fundo la pili lilihusu wanaotafitiwa. Huko Kitui, watafiti wa serikali ya kikoloni waligundua kwamba usubi wanaoeneza vimelea hujificha katika vichuguu, karibu na mahali watu walipopenda kuketi jioni. Ugunduzi huo ulikuwa na manufaa makubwa. Baadaye katika muongo huo walijaribu kuwachanja watu vimelea vilivyotolewa kwa wanyama wa porini, ili kuwapa kinga. Azimio la Helsinki kuhusu haki za wanaofanyiwa majaribio lilikuja 1964 tu. Makueni, wakati huo, ilikuwa bado sehemu ya Machakos, ambako ugonjwa huo ulizuka tena mwishoni mwa miaka ya 1970.

Tangu 1989 fedha za wosia huo zimegharimia utafiti Kilifi kwa ushirikiano na taasisi ya KEMRI. Huko mapendekezo hupitia kamati ya maadili, na wawakilishi wa wenyeji huulizwa maoni yao.

Kuhusu Wellcome mwenyewe, shirika hilo lilifunga Novemba 2022 maonyesho ya London yaliyomtukuza kama mkusanyaji, likikiri kwamba yaliendeleza dhana za ubaguzi wa rangi.