Huyu Ndiye Msee Alifanya Urushe Ndege Ukiwa Kwa Keja

Wewe unayewasha kompyuta usiku, unarusha DC-3, ile ndege ya propela ya 1935, kwa simyuleta, unaiangusha, unacheka, unaanza upya: kuna msee unafaa kumjua. Aliitwa Edwin Link, mzaliwa wa Marekani, 1904.

Buda yake alikuwa na kampuni ya piano na vinanda huko Binghamton, New York. Mwaka wa 1920, Link alitoa dola 50 afunzwe kurusha ndege. Mwalimu akampeleka hewani, lakini hakumwachia usukani hata kidogo. Chapaa ikaenda hivyo tu.

Hakukata tamaa. Alichukua pampu na mifuko ya hewa ya vinanda, akaunda kijindege kinachoinama na kugeuka bila kutoka chini. Kufikia 1929 kilikuwa tayari. Jeshi halikushtuka. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa viwanja vya burudani. Kwao ilikuwa toy tu.

Halafu 1934 jeshi likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Hali ya hewa ilikuwa noma, na ndani ya wiki chache marubani kadhaa wakafa, juu hawakuwa wamezoea kuruka kwa ukungu wakifuata mishale ya dashibodi pekee. Ndipo gava ikanunua mashine sita. Kwa Vita vya Pili vya Dunia, marubani zaidi ya 500,000 walizitumia.

Link alifariki 1981. Leo ukiangusha DC-3 yako, unaenda kujiwekea chai, unarudi. Wale wa 1934 hawakupata raundi ya pili.